Yai Halitoki Getini

Kazi yake ilikuwa kutazama ndani ya mayai. Tangu asubuhi mpaka alasiri alikaa katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya sanduku la mbao lenye balbu ndani yake na tundu moja juu, akichukua yai moja baada ya jingine na kuliweka kwenye lile tundu. Mwanga ukipenya, yai liligeuka kitu kingine kabisa, rangi ya machweo, rangi ya kiganja cha mtoto ukikikinga mbele ya taa. Ndani yake kiini kilielea taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Akiona doa la damu, aliliweka kushoto. Akiona ufa, uzi mwembamba wa nuru juu ya ganda, aliliweka kulia. Zima lilikwenda kwenye trei, na trei ikijaa ilikwenda zake mjini kwa watu asiowajua.

Wenzake walimwita Jicho, kwa sababu ufa ambao wao waliupapasa kwa kidole wasiupate, yeye aliunasa kwa kupepesa tu. Jina likamganda. Mumewe akalichukua, na hata mkwewe akijisahau alimwita hivyo hivyo.

Muda humo chumbani haukutembea, ulielea. Walikuwa wanawake sita, kila mmoja na sanduku lake, na gizani sauti zilikuja bila nyuso.

"Jamani, nimepata lenye viini viwili."

"Pacha hao. Wapeleke kliniki wakapimwe."

"Na baba yao naye aje, maana jogoo siku hizi hawaonekani nyumbani."

Walicheka, kisha wakanyamaza tena, na kilichosikika kilikuwa sauti ya kuku wa mabandani, mbali, kama mvua ndogo juu ya bati.

Jicho alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla meno hayajatimia, na alivyoanza hakunyamaza. Alisema na mlango, alisema na sufuria, alisema na vidole vyake vya miguu. Lakini kwa miezi kadhaa sasa maneno yalikuwa yakimpungua. Alikaa kizingitini akitazama vumbi linavyocheza kwenye mwali wa jua, na ukimwita aligeuka polepole kama anayetoka mbali.

"Mtoto ametulia siku hizi," jirani alisifu. "Ana adabu."

Mkwe wake Jicho, mama wa mumewe, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto, hakupendezwa na sifa hiyo. "Mtoto wa miaka mitatu hana adabu," alisema. "Ana homa au ana njaa. Na homa hana, nimemshika."

Basi wakampeleka kliniki. Nesi alimning'iniza Chiriku kwenye mizani, na mtoto hakurusha miguu wala hakulia. Alining'inia tu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nesi akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta zilizotangulia, akaigeuza kadi Jicho aone.

"Mama, huu mstari unatakiwa upande juu. Wa mwanao umelala."

"Umelala tangu lini?"

"Miezi minne sasa. Anakula nini?"

"Asubuhi uji. Jioni anakula tunachokula wote. Wali na mboga za majani. Maharage yakipatikana."

"Mafuta? Maziwa? Matunda?"

Jicho alitazama sakafu. Ilikuwa sakafu safi sana.

"Sikulaumu, mama, naandika tu," alisema nesi. "Hebu jaribu yai. Hata moja kwa siku, kwa mtoto wa umri huu ni kitu kikubwa. Unafanya kazi wapi?"

"Kwenye mayai."

Kalamu ya nesi ikasimama. Nyuma yao, kwenye benchi, mama mmoja aliachia kicheko, kisha akajifanya anakohoa. "Penye miti hapana wajenzi," mwingine alisema, wala si kwa ubaya.

Si kwamba Jicho alikuwa mzembe wa jikoni. Mumewe alikuwa fundi rangi, na rangi ni kitu ambacho watu hukikumbuka wakishashiba. Kazi ikiwepo, nyumba ilinukia kitunguu wiki nzima. Isipokuwepo, walitegemea mshahara wa Jicho, nao ulikuwa na wenyewe kabla haujafika: mwenye nyumba, mkaa, unga, dawa ya kifua ya bibi yake Chiriku. Kilichobaki kilinunua cha kujaza tumbo, na cha kujaza tumbo si lazima kijenge mwili. Hilo hakuhitaji kuambiwa na nesi. Alilijua kama alivyojua njia ya kwenda kisimani.

Lililomuumiza lilikuwa jingine. Kila siku saa saba mchana wafanyakazi wote walipewa chai, mkate na yai moja la kuchemsha kutoka yale yenye ufa. Ulikuwa utaratibu wa mwenye shamba mwenyewe, mama wa makamo waliyemwita Bimkubwa, na watu walimshukuru. Lakini ukutani, pembeni mwa geti, palikuwa na maandishi mekundu: HAKUNA YAI KUTOKA GETINI. Zamani kuna mtu aliwahi kutoka na mayai saba ndani ya chupa ya chai, akasalimia na kuaga kama kawaida, mpaka chupa ilipomponyoka. Tangu siku hiyo, yai lililiwa ndani au halikuliwa.

Kwa hiyo miezi yote hiyo, mstari wa Chiriku ukiwa umelala, mama yake alikuwa akila yai kila siku. Alikuwa akilila anacheka na wenzake, akilichovya kwenye chumvi.

Siku ya pili baada ya kliniki, saa saba ilipofika, hakulimenya yai lake. Alilishika mkononi, lina joto bado, ganda likiwa na ule ufa wake mdogo. Alipoona hakuna anayemtazama, alifungua kilemba, akaliviringisha ndani, akafunga tena. Akarudi chumba cha giza, na alasiri yote alitazama mayai huku moja likimtazama yeye kutoka juu.

Mlinzi wa geti aliitwa Komeo. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, asiyecheka wala kukunja uso, na vikapu vyote vilipita mikononi mwake. Kikapu cha Jicho alikipitisha bila neno. Kisha akasema:

"Dada, leo kilemba kimekua."

"Upepo tu, mzee."

"Upepo haunuki yai. Ingia hapa."

Akamwingiza kwenye kibanda chake, akamkalisha kwenye kiti pekee kilichokuwemo, yeye akasimama mlangoni akiwa amempa mgongo.

"Nikikuandika, kesho huna kazi. Nisipokuandika na ikajulikana, kesho mimi ndiye sina. Sasa litoe, ulile hapa hapa, mimi natazama barabara."

Akalitoa. Akalimenya, na maganda yakadondokea mapajani mwake. Alitafuna na machozi yakashuka yenyewe, hata hakujua yameanza lini. Yai lilikuwa kavu kama pamba, na kila alipomeza aliiona ile nukta kwenye kadi. Nje, wenzake walikuwa wakitawanyika barabarani, na sauti zao zilimfikia kana kwamba yuko chini ya maji.

"Lilikuwa la nani?" Komeo aliuliza, bado anatazama barabara.

"La mtoto. Nesi kasema yai moja kwa siku."

Gari lilipita, vumbi likainuka, likatua.

"Miaka kumi na minne nasoma hayo maandishi," alisema mzee mwishowe. "Yanasema yai lisitoke. Hayajasema mtoto asiingie."

Kesho yake saa saba, mkwe wake Jicho alifika getini na Chiriku mgongoni. Komeo aliwafungulia mlango mdogo kama anayewafungulia wenye nyumba. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, juu ya makreti yaliyogeuzwa, na Jicho akammenyea mwanawe yai lake. Chiriku alilishika kwa mikono miwili. Kwanza alilinusa. Kisha akaliramba. Kisha akaling'ata, na ncha ya kiini ikaonekana.

"Meza vizuri," bibi yake alimwambia. "Halikimbii."

Jicho alikunywa chai yake na mkate. Hakuhisi njaa hata kidogo. Alihisi amejaa mwanga, kama lile sanduku lake.

Wenzake hawakuwa vipofu. Siku ya nne alikuja mtoto wa pili, na wiki haijaisha wakawa watano, kisha tisa, wakiletwa na bibi, na dada wakubwa, na baba mmoja asiye na kazi ambaye alikaa nje ya geti kwa haya mpaka Komeo alipomwita. Saa saba ya pale ikawa kama saa iliyoangukia nje ya siku. Jua lilisimama juu, weupe mtupu. Kuku walinong'ona mabandani. Na chini ya ukuta watoto tisa walitafuna bila kusema neno, macho yao yakitazama mbali, na mama zao wakiwatazama wao huku chai ikipoa. Hakuna aliyeharakisha. Hata nzi, mtu angeapa, walitua kwa heshima.

Siku moja Chiriku aliacha kutafuna, akatazama ndani ya yai lake.

"Mama," alisema, "humu kuna jua."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku kadhaa. Bibi yake aligeuza uso, akajifanya anatafuta ndala.

Mambo mazuri hayakai muda mrefu bila kuonekana. Wiki ya sita, siku ambayo hakuna aliyemtazamia, Bimkubwa alikuja saa saba na viatu vyake vya mpira. Alipita geti, akapinda kona ya stoo, akasimama. Watoto wakamtazama. Yeye akawatazama. Kila mmoja alikuwa na vipande vyeupe vya yai mdomoni.

"Nani kawaingiza hawa?"

"Ni mimi niliyefungua, Bimkubwa," alisema Komeo, akasimama wima.

"Ni mimi niliyeanza," alisema Jicho, naye akasimama.

"Nina kuku elfu nne humu," Bimkubwa alisema, na sauti yake haikupanda, ndiyo maana ilitisha. "Elfu nne! Mnajua ugonjwa unaingiaje? Unaingia na viatu. Unaingia na mtoto aliyetoka kucheza na kuku wa jirani. Asubuhi moja unaamka, wamelala chini wote. Na hapo hakuna yai la kutoka wala la kubaki, na hakuna kazi ya mtu yeyote hapa. Hilo mlilifikiria?"

Hawakuwa wamelifikiria. Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimwingia Jicho kama maji baridi. Wenzake waliinamisha vichwa. Mtoto mmoja alianza kulia akiwa bado anatafuna.

Jicho alisikia sauti inasema, akagundua ni yake.

"Umesema kweli, Bimkubwa. Watoto wasiingie. Basi yai litoke."

"Likitoka moja yatatoka mia. Nimeshaona chupa ya chai mimi."

"Litoke limechemshwa na limemenywa."

Bimkubwa akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Yai lililomenywa haliuziki," Jicho aliendelea, akihofia akinyamaza hataanza tena. "Hakuna duka litakalolipokea. Huwezi kulificha kwenye kapu na mabichi. Ukiliona mkononi mwa mtu, unajua linakwenda mdomoni, basi. Na ni lile lile unalotugawia kila siku. Hatuongezi. Tunaomba tu kuchagua nani alile."

Bimkubwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa, akaivua tena. Kama aliguswa, hakuna aliyeona. Alionekana tu kama mtu anayepiga hesabu ya kitu asichokizoea.

"Kila mtu na moja lake," alisema mwishowe. "Atakayelila hapa, ameshakula. Asiyelila, atatoka nalo limemenywa, na Komeo alione. Nikikuta moja lina ganda, utaratibu umekufa." Akaanza kuondoka, akageuka. "Hawa wamalize walichonacho. Kisha wasirudi tena."

Akaenda zake, viatu vya mpira vikilia kwenye changarawe.

"Tangu lini una mdomo wewe?" mwenzake mmoja alimnong'oneza Jicho. "Sisi tulijua una macho tu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba kila alasiri, jua likianza kulainika, wanawake walitoka pale getini mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kikombe kwa mikono miwili, na ndani ya kikombe yai jeupe, limemenywa, linang'aa. Walitembea polepole wasije wakajikwaa. Wapita njia walisimama kuwatazama. Mzee mmoja aliuliza hilo ni kanisa gani. Mvua ikinyesha walifunika vikombe kwa viganja, wakafika nyumbani wao wameloa na yai kavu.

Chiriku alimsubiri mama yake kizingitini, na alipomwona mbali alianza kusema, na alisema mpaka yai likamfunga mdomo, na likiisha aliendelea pale pale alipoachia.

Upande wa chumba cha giza, mambo madogo yalianza kutokea. Wakati mwingine yai aliloliweka kwenye mwanga lilionekana kuondoka tunduni na kuelea lenyewe, na nyuma yake mengine, safu nzima ya miezi midogo ikipanda gizani. Jicho aliyatazama kwa furaha tulivu. Mara mbili alishtuka kukuta paji la uso liko mezani. Mara moja alipitisha yai lenye ufa, na msimamizi akamuuliza kulikoni. "Mwanga tu," alijibu, akaamini.

Siku ya kliniki ilipofika walikwenda wote watatu. Safari hii Chiriku alirusha miguu kwenye mizani, akamwambia nesi kwamba hicho kibembea chake ni kibaya. Nesi akatia nukta, akaunganisha. Mstari ulikuwa umeinuka. Si sana, upana wa kidole, lakini umeinuka.

"Mama, umefanya kazi," alisema nesi. "Usiishie hapa. Maharage, mafuta kidogo, tunda likipatikana. Yai peke yake halilei mtoto." Kisha akamtazama Jicho, akaacha kuandika. "Na wewe hebu panda pale."

"Mimi sina mimba, nesi."

"Panda tu."

Akapanda mizani ya watu wazima. Mshale ukatikisika, ukatulia. Nesi akaangalia, akaomba kadi yake ya zamani, ile ya ujauzito, akaangalia tena.

"Mchana unakula nini kazini?"

"Chai na mkate."

"Na jioni?"

"Nakula. Kinachobaki."

"Na yai, wewe huli?"

"Nashiba nikimwona yeye anakula," alisema Jicho, akatabasamu, akidhani nesi naye atatabasamu.

"Shibe ya macho haina kilo," alisema nesi. "Wewe ukianguka, huyu ataletwa kupimwa na nani?"

Mkwe wake alikuwa amekaa kwenye benchi akimfunga Chiriku viatu. Akaacha kamba ya kiatu nusu imefungwa, akainua uso kumtazama Jicho.

Jioni ile mumewe Jicho alirudi akiwa na rangi ya bluu nyusini. Alikuwa amepata kuta za nyumba nzima, kazi ya siku kumi, na amelipwa nusu. Alileta maharage, chupa ndogo ya mafuta na parachichi moja lililoiva. Bibi akapika. Nyumba ikanukia kitunguu mpaka kwa jirani.

Siku zote chakula pale kilipakuliwa kwa mpangilio ambao hakuna aliyeupanga: kwanza mwanamume aliyetoka kazini, kisha mtoto, kisha bibi, na Jicho mwisho, akikwangua sufuria kwa mwiko. Jioni ile bibi alishika upawa mwenyewe. Akajaza sahani, maharage juu ya wali, akaiweka mbele ya Jicho.

"Mama, Baba Chiriku hajapakuliwa," Jicho alisema.

"Baba Chiriku nimemzaa mimi, najua anavyoweza kusubiri."

"Lakini na yeye katoka kazini."

"Na wewe ulikuwa umelala?" Bibi aliketi mbele yake na ule upawa mkononi. "Njaa mwana malegeza, mwanangu. Mimi nimeiona ikilegeza watu wenye nguvu kuliko wewe. Nilikuona unapungua, nikasema labda ni kazi. Nimekosa mimi. Leo kula."

Mumewe alimtazama mama yake, kisha akamtazama mkewe, akamtazama kweli, mabega na mikono. Uso wake ukabadilika. Alichukua parachichi, akalipasua kwa kisu, akasogeza nusu kwenye sahani ya Jicho na nusu kwa mtoto, akalamba kisu.

Haikuwa kwamba shida iliisha. Siku kumi za rangi zilipita, mafuta yakaisha kwenye chupa, na ziko jioni zilizofuata ambazo sufuria ilikuwa na wali mtupu na mboga. Hata jioni hizo sahani ya kwanza ilikwenda kwa Jicho, na bibi hakuanza kula mpaka ameona anameza.

Lakini jioni hizo zilikuwa hazijafika; hii ilikuwa ile ya maharage. Bado palikuwa na mwanga kidogo dirishani, na mvuke wa maharage ulimpanda usoni hata akafumba macho. Akala. Kijiko cha kwanza kilimchoma ulimi. Cha pili alikipuliza. Pembeni yake Chiriku alikuwa akilieleza parachichi kwamba lisiogope, na Jicho akatafuna polepole, akisikia kila punje inavyoshuka na kutua.